Gari la Kulala Mtelemkoni

Land Rover ya miaka ya sabini hailazwi popote. Uyole, Mbeya, sehemu tambarare zipo tele, lakini gari langu hulala mtelemkoni, pua ikitazama barabara, jiwe mbele ya tairi la mbele na jingine mbele ya tairi la nyuma. Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Julai, betri haina adabu kwa mtu yeyote, na mtelemko ndio msukumaji pekee asiyedai hela ya chai.

Ushuhuda huu nimeshautoa kanisani. Kule mtu hupewa dakika tano na wenzake wanamngojea afike haraka penye "Bwana asifiwe". Hapa naweka na yale niliyoyaruka: kabureta, jiko la mkaa, na sinema ya mtu aliyeachwa peke yake kwenye sayari ya Mirihi.

Mume wangu alipata kiharusi Mei 2017. Upande wote wa kulia ulikataa, mkono na mguu, na maneno yakawa yanatoka nusu nusu. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha hiyo Land Rover 109 ya petroli, akibeba viazi kutoka Isyonje na Kikondo, huko juu Uporoto, kuvileta Uyole na Mwanjelwa. Tulikuwa na mkopo wa kikoba tulioununulia mbegu na mbolea, tulikuwa na watoto shuleni, na sasa tukawa na mgonjwa. Madalali walikuja kulitazama gari. Wakalizunguka, wakapiga teke matairi, wakataja bei ya vyuma chakavu. Leseni nilikuwa nayo tangu usichana, maana baba yangu alikuwa na pikapu na hakuwa na mtoto wa kiume. Nikawashukuru madalali kwa kuja.

Kuendesha hakukunipa shida. Shida ilikuwa kuwasha.

Mbeya tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kuelekea Kitulo unapita mita 2,600. Kuanzia Juni hadi Agosti kuna usiku ambao umande huko juu huganda, asubuhi unakuta majani meupe yanavunjika chini ya viatu. Mtu wa Dar es Salaam anaweza kuona ni baridi ya kuvaa koti tu. Kwa gari kuukuu yanakutana mambo matatu kwa wakati mmoja. Oili namba 40 inakuwa uji wa ulezi, injini inazunguka kwa kusitasita. Betri nayo, ikikaribia nyuzi sifuri, inapungukiwa karibu sehemu moja ya tano ya uwezo wake, saa ileile ambayo injini inadai zaidi. Petroli haitaki kugeuka mvuke, inabaki matone kwenye kabureta, plagi zinalowa. Ukizidisha choki unazilowesha zaidi. Usipovuta choki, huondoki.

Aliyenifundisha ni fundi mmoja mzee wa Uyole aliyezijua 109 tangu zikiwa za idara za serikali. Alianza na oili: toa namba 40, weka 20W-50. Kisha betri: ifunguliwe kila jioni ilale ndani ya nyumba, lakini mbali na moto, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni. Nikilala Kikondo kusubiri mzigo, rejeta imwagwe maji usiku, asubuhi itiwe maji ya vuguvugu. Vuguvugu, alirudia, si ya kuchemka, kwani chuma cha baridi kikikutana na maji yanayochemka kinaweza kupasuka, na bloku ya 109 huendi kuinunua dukani. Plagi nne zichomolewe, zikaushwe juu ya bati jikoni, zirudishwe zikiwa za moto.

Mwisho hendeli, kile chuma kinachopita chini ya bampa kuzungusha injini kwa mkono. Hapo alinishika vidole kimoja kimoja akavipanga. "Dole gumba likae upande mmoja na wenzake, mama. Usilizungushie chuma. Na uvute kuja juu, usisukume kwenda chini." Injini inaweza kurudisha pigo, na anayekumbatia hendeli kwa gumba hubaki na gumba lililovunjika. Alinionyesha la kwake. Halikunjiki.

Basi ndiyo ilikuwa alfajiri yangu: birika, plagi, hendeli, na majirani wanaochungulia dirishani. Wakulima wa Kikondo hawakujali nani anashika usukani, walijali kama gari litafika kabla soko halijapoa. Kilichonichosha zaidi ya baridi ni lumbesa. Gunia lenye kilemba juu linahesabiwa moja, linalipiwa nauli ya moja, na springi za gari ndizo zinazojua ukweli.

Jioni nilikuwa mtu wa kukaa tu. Mwanangu mkubwa, aliyekuwa kidato cha tatu, alikuwa akienda na flashi Mwanjelwa kujaziwa sinema, kisha tunatazama pamoja na baba yake, kwa kuwa daktari alisema mgonjwa azungumzishwe, asiachwe akikodolea dari. Mimi sinema za anga sikuzipenda. Nimekulia mabanda ya video, enzi za kanda zenye sauti ya Lufufu akitufasiria Wazungu na Wachina, na nilichokiona humo ni kwamba kwenye anga hakuna kitu kinachogoma. Kitufe kinabonyezwa, chombo kinaruka. Hakuna anayetafuta spea. Ni moja tu niliyoikubali, ile ya Star Wars ya mwaka 1980, The Empire Strikes Back, pale kwenye sayari ya barafu. Adui wanaingia, chombo cha Han Solo kinakataa kuwaka, na binti mfalme Leia anamuuliza kwa kejeli kama ashuke akasukume. Mume wangu alicheka pale. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu Mei, cha upande mmoja wa mdomo, lakini kicheko.

Ndipo mwanangu akaleta The Martian, ya Ridley Scott, iliyotoka 2015, kutoka kwenye riwaya ya Andy Weir. Matt Damon ni mtaalamu wa mimea, wenzake wanadhani amekufa, wanaondoka Mirihi bila yeye. Anabaki na chakula cha kuhesabu, gari la betri, na viazi. Viazi mviringo! Nilikaa wima. Mwanangu akajifanya Lufufu, akawa anatufasiria kwa sauti nzito, na yule Mmarekani akaanza kuongea kama dalali wa Mwanjelwa.

Niliitazama kwa jicho la mkulima na la dereva. Anakata viazi vipande kila kimoja kiwe na jicho, sawa. Anatumia kinyesi kama samadi, sawa. Anatengeneza maji kwa kuunguza haidrojeni, anasahau kuhesabu oksijeni anayoitoa mwenyewe kwa pumzi, inamlipukia. Nikamkumbuka fundi na betri yake. Kisha makazi yake yanapasuka, baridi inaingia, na shamba zima linaganda. Yeyote aliyelima Uporoto anaijua asubuhi hiyo: jana kijani, leo majani meusi yamelala chini. Baada ya hapo jamaa anakaa chini na kuhesabu viazi vilivyobaki, kimoja kimoja, dhidi ya siku zilizobaki. Sinema inayomwonyesha shujaa akihesabu hivyo, nikasema, hii imeandikwa na mtu anayejua njaa au aliyeuliza vizuri.

Makosa yalikuwepo. Dhoruba ya mwanzo inayong'oa vyuma haiwezekani, kwa kuwa hewa ya Mirihi haifikii hata asilimia 1 ya shinikizo la hewa yetu. Upepo wa kule hauna uzito wa kumwangusha mtu, na Weir mwenyewe amekiri kwamba alilijua hilo, alihitaji tu kisa kianze. Pale anapoziba tundu la makazi kwa karatasi la plastiki na gundi ya utepe, mwanangu alichukua daftari la fizikia. Hewa kama tunayovuta pwani inasukuma kwa tani 10 hivi kila mita ya mraba. "Mama, hiyo plastiki ingeenda zake." Nami nikaongeza la kwangu: udongo wa Mirihi una chumvi za pakloreti, chombo cha Phoenix kiliziona 2008, na hakuna mahali tulipoonyeshwa akiuosha. Ila wazo la viazi si la kijinga. Mwaka 2016 Kituo cha Kimataifa cha Viazi kule Lima, Peru, kilianza kuvijaribu kwenye udongo wa jangwani unaofanana na wa Mirihi. Nilitamani wangetuuliza na sisi wa Kikondo.

Kitu kimoja cha sinema ile kilikuja kunifaa barabarani. Gari la jamaa lina hita, lakini hita inakula nusu ya betri. Akiizima anaganda, akiiwasha hafiki. Anakwenda kufukua mtambo wa plutoniamu ambao wenzake waliuzika mbali kwa hatari yake, anaupakia garini, unampa joto njia nzima bila kugusa betri.

Agosti mama mkwe wa Ifunda, Iringa, alisema tumpelekee mwanawe. Mgonjwa alihitaji mazoezi kila siku, na mimi mchana niko Kikondo. Tuliondoka Uyole mchana baada ya kushusha mzigo, mimi, mgonjwa na mwanangu. Chimala, Igawa, tukapanda Makambako giza likiingia. Mbele kidogo, kabla ya Nyigo, injini ilikohoa ikazima. Nikafungua distribyuta kwa tochi ya simu: cheche ilikuwa ya njano, dhaifu. Kondensa imekufa. Saa ile spea ya 109 utaitoa wapi?

Tulikata matawi tukayatandaza barabarani nyuma ya gari, malori ya Tunduma yakawa yanapita yakitutikisa. Upepo wa kutokea Mufindi ulipenya kila mlango. Land Rover za namna hii hata zikiwa mpya zilivuja upepo. Mgonjwa wangu akaanza kutetemeka upande mmoja.

Mama wa nyumba ya jirani alikuja na kibatari. "Kamwene!" alitusalimu. Aliposikia kuna mgonjwa akarudi na jiko la mkaa lililokolea, tuliweke ndani, tufunge vioo. Roho safi kabisa, na nilikataa. Kila kipupwe nyanda hizi kuna watu wanaolala na jiko chumba kimefungwa na hawaamki. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu wala rangi. Mwanangu akasema, "Mama, yule wa Mirihi alileta moto ndani, lakini haukuwa wa kuvuta hewa." Basi jiko likabaki nje kuchemsha maji, tukajaza madumu ya lita tano, tukayafunga kwa kanga na kuyaweka garini. Yote yalikaa upande wa kushoto wa mgonjwa na chini ya mapaja ya mwanangu. Upande wa kulia sikuweka hata moja, kwa sababu ngozi isiyohisi inaungua bila kulia. Yule mama alikuja kubadilisha maji usiku kucha, akakataa hela.

Alfajiri lori la mbao lilimchukua mwanangu hadi Mafinga. Alirudi na kondensa ya Toyota ya zamani, haikuwa na umbo wala kishikizo sawa, tukaifunga kwa waya. Rejeta tulikuwa tumeimwaga usiku. Maji ya madumu, ambayo sasa yalikuwa vuguvugu hasa, ndiyo yaliyoingia humo. Choki, gumba upande mmoja na wenzake, nikavuta. Mara ya kwanza kimya. Kisha ikashika, na mume wangu akasema neno zima, bila kulikata: "Imewaka." Tukapita misonobari ya Sao Hill jua likiwa limepanda, tukafika Ifunda mchana.

Alikaa kwa mama yake hadi baada ya Krismasi. Aliporudi Uyole alikuwa anatembea kwa fimbo. Deni la kikoba lilikuwa limekwisha kwa viazi vya Novemba.

Mwanangu ameshika maradhi ya Mirihi tangu hapo. Ndiye aliyenisimulia habari za Spirit, gari la NASA lililotua huko Januari 2004 likipangiwa siku 90. Gurudumu moja la mbele liligoma 2006, gari likawa linaendeshwa kinyumenyume huku likiliburuta, hadi 2009 liliponasa mchangani. Majira ya baridi yalipofika halikuweza kuinamisha paneli zake kuelekea jua, betri ikaisha, na mara ya mwisho kusikika ilikuwa Machi 2010. Mwenzake, Opportunity, alikwenda hadi Juni 2018, dhoruba ya vumbi ilipoziba jua. Nilimuuliza kama walishindwa kuliegesha mtelemkoni. Akasema, tena bila mzaha, kwamba ndivyo walivyofanya: majira ya baridi yaliyotangulia walilipaki Spirit kwenye mtelemko unaotazama jua, na ndivyo lilivyopona.

Sasa amemaliza ufundi wa magari na anataka tung'oe injini ya petroli tuweke ya dizeli ya Hilux. Anasema itakula mafuta kidogo na itavuta vizuri. Baba yake anamuunga mkono, kwa maneno mazima. Mimi nimemuuliza swali moja tu, dizeli ya Hilux inawashwaje kwa hendeli, na bado analitafutia jibu.