Shajara: Barabara hatuitibu sisi

Najua nimepotea, na wengine mmenitumia ujumbe mkidhani nimedisko. Sijadisko jamani, nipo. Ni hizi raundi za wadi ya watoto tu zimenibana kisawasawa. Mwaka wa nne si mchezo. Saa kumi na mbili asubuhi uko wadini, saa mbili usiku bado unafukuzia majibu ya maabara, na hapo katikati ule saa ngapi, Mungu ndiye ajuaye.

Leo nina jambo la moyoni, kwa hiyo anayetaka umbea wa hosteli aje wiki ijayo.

Wiki tatu zilizopita tulipokea mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi, kutoka mbali. Malaria kali, damu imeisha mwilini, viganja vyeupe kama karatasi. Aliingia usiku, asubuhi hakuiona. Mimi ndiye nilikuwa nachukua historia, basi nikamuuliza mama yake swali letu lile la kila siku: mbona umechelewa kumleta? Akaniambia daraja la kwao limechukuliwa na mvua, wakakaa ng'ambo siku mbili kusubiri maji yapungue. Alilijibu taratibu tu, wala hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Asubuhi kwenye raundi nikasoma historia ile mbele ya daktari wetu. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Ugonjwa tuliujua, dawa ilikuwepo, damu ilikuwepo. Barabara hatuitibu sisi." Akasogea kitanda kinachofuata.

Tangu siku ile sijakaa sawa. Kuna nafasi ya mwaka mmoja kwenye shirika moja linaloshughulika na mambo ya usuluhishi na amani, wanachukua wanafunzi wa fani yoyote. Ili niende lazima niahirishe mwaka. Bumu litasimama, na nikirudi nitakuta wenzangu wanamaliza. Fomu ninayo, iko chini ya godoro, mwisho wa kurudisha ni Ijumaa. Mama bado hajui (mama yangu ni muuguzi wa zahanati miaka mingi, na ameuza vitu mimi nisome, sitaki hata kuvitaja hapa).

Sasa katika kuhangaika huko, kwenye somo la maadili ya tiba tukapewa kuandika juu ya daktari na dola. Nikamchagua Bernard Kouchner, Mfaransa. Nilimchagua nikitafuta mtu wa kuniambia "nenda". Ngoja niwasimulie, maana sikutoka na jibu nililoendea.

Kouchner alizaliwa 1939 huko Avignon. Baba yake alikuwa Myahudi na daktari, na babu na bibi yake upande wa baba walikufa Auschwitz. Weka hilo akilini, maana ukilisahau utadhani jamaa ni mpenda kamera tu. Naam, kamera alizipenda pia! Desemba 1992, akiwa waziri, alishuka ufukweni Somalia na gunia la mchele begani, wapiga picha wamempanga vizuri kabisa. Mchele wenyewe ulichangwa na watoto wa shule za Ufaransa. Picha ile ilimfuata maisha yake yote, wengine wakimsifu, wengine wakimcheka.

Lakini tuanze mwanzo. 1968, ana miaka 28, akaenda Biafra na Msalaba Mwekundu wa Ufaransa wakati wa vita ya Nigeria. Watoto walikuwa wanakufa kwa njaa mikononi mwa madaktari, na utaratibu ulikuwa kwamba daktari atibu na anyamaze, asiseme nani kafanya nini. Yeye na wenzake waliporudi wakasema. Desemba 1971, pamoja na madaktari wengine na waandishi wa habari, wakaanzisha shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, hili hili ambalo wengi wetu tunaota kufanya nalo kazi. Miaka michache baadaye wakagombana wenyewe kwa wenyewe. Ugomvi ulihusu meli ya kuwaokoa Wavietnamu waliokuwa wanazama baharini: yeye aliitaka, wenzake waliona ni maonyesho. Akaondoka, na 1980 akaanzisha shirika jingine, Madaktari wa Dunia.

Baadaye akaingia serikalini moja kwa moja. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mpaka wa nchi usiwe ukuta wa kufichia mauaji, dunia iwe na haki ya kuingia. Mwaka 1994 alifika hadi Kigali katikati ya mauaji ya kimbari, akazungumza na pande zote mbili kujaribu kuwatoa watoto yatima. Sisi majirani tunajua jinsi dunia ilivyoingia kule: ilichelewa, kama mama yule na daraja lake.

Basi bwana, ikaja Kosovo, na hapa ndipo nilipolala saa tisa usiku.

Kwa wasiofuatilia: Kosovo ilikuwa jimbo la Serbia ndani ya Yugoslavia, wakazi wengi ni Waalbania. Majeshi ya Serbia yaliwafukuza watu zaidi ya laki nane kuvuka mipaka, NATO ikapiga mabomu siku 78, kuanzia Machi hadi Juni 1999. Tarehe 10 Juni Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 1244. Utawala wote wa kiraia ukawekwa mikononi mwa Umoja wa Mataifa, ulinzi kwa majeshi ya KFOR. Na wa kuuongoza utawala huo akateuliwa daktari wetu. Alifika Pristina katikati ya Julai 1999.

Jamani, msidhani ni ubalozi wa suti na vikombe vya chai. Amri ya kwanza kabisa iliyotolewa Julai 25 ilisema mamlaka yote ya kutunga sheria na kutawala, pamoja na mahakama, yako kwa Umoja wa Mataifa na yanatekelezwa na mwakilishi wa Katibu Mkuu. Yaani yeye. Mtu mmoja, ambaye hakupigiwa kura na mkazi hata mmoja wa pale, ndiye bunge, ndiye rais, ndiye anayeteua na kuondoa mahakimu. Umeme unakatika, takataka hazizolewi, magari yanatembea bila namba. Septemba akaruhusu Mark ya Ujerumani itumike kama fedha rasmi, maana ndiyo watu waliyokuwa wanaiamini.

Kuna kosa moja alilofanya mapema ambalo kwangu mimi ni kama kumpa mgonjwa dawa bila kumuuliza kama ana mzio nayo. Ile amri ya kwanza ilisema sheria zilizokuwepo kabla ya NATO kuanza kupiga ziendelee kutumika. Kisheria imenyooka. Ila sheria hizo ndizo Waalbania walizoziona kuwa fimbo waliyochapwa nayo miaka kumi, na mahakimu wao wakagoma kuzitumia. Mpaka Desemba akabidi arudi nyuma, akatangaza sheria za Machi 1989, kabla uhuru wa jimbo haujaondolewa, ndizo zitakazotumika. Miezi mitano ya mkanganyiko mahakamani, wakati ambapo watu wanauana!

Na waliuana kweli. Wiki moja tu tangu afike, Julai 23, wakulima 14 Waserbia walipigwa risasi wakivuna shambani kijijini Gračko. Waliokuwa wameonewa jana, baadhi yao leo ndio wanaochoma nyumba za wengine. Waserbia na jamii ya Roma wakakimbia kwa makumi ya maelfu. Hili ndilo lililonichanganya: daktari aliyepigania dunia iingie kuokoa watu, sasa yuko ndani, ana mamlaka yote na maelfu ya askari wa KFOR pembeni, na bado hawezi kumlinda mkulima mwenye mundu.

Ajabu nyingine, Oktoba mwaka ule ule ikatangazwa kwamba Madaktari Wasio na Mipaka wamepewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Yeye mwanzilishi yuko Pristina anapatanisha watu wasiotaka kukaa meza moja.

Nisiwe mchoyo, kuna alichokifanya. Septemba jeshi la waasi wa Kialbania, UCK, likavunjwa rasmi na sehemu yake ikageuzwa kikosi cha kiraia. Desemba akafanikiwa kuwaketisha viongozi wa Kialbania waliokuwa hawaivi, Hashim Thaçi, Ibrahim Rugova na Rexhep Qosja, kwenye utawala wa pamoja. Oktoba 2000 wakapiga kura za mabaraza ya miji, chama cha Rugova kikashinda, na walioshindwa hawakurudi msituni. Waserbia wengi walisusa, ndiyo. Lakini mwaka mmoja na miezi minne baada ya mabomu, uchaguzi ukaisha kimya... sisi hapa kampasi uchaguzi wa serikali ya wanafunzi tu mabenchi yanaruka.

Sasa sikilizeni hii ya mwisho, ndiyo inayoninyima usingizi.

Kaskazini kuna mji unaitwa Mitrovica. Mto Ibar unaukata katikati, Waserbia upande huu, Waalbania upande ule, na katikati daraja linalolindwa na askari. (Madaraja yananiandama mwaka huu.) Jirani yake, Zvečan, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi, kikitoa moshi wenye sumu. Agosti 14, 2000, KFOR wakaingia alfajiri na kukifunga kwa agizo la utawala wa Kouchner. Wafanyakazi Waserbia wakaja juu, wakasema ni njama ya kuwanyang'anya mgodi. Yeye akajitetea kidaktari: risasi inaharibu ubongo wa watoto, hawezi kuiacha. Niliposoma hapo nikapiga meza. Nikasema huyu hapa! Daktari anayetibu barabara!

Nikafungua ukurasa unaofuata.

Juni 1999, mtaa wa Roma huko Mitrovica, watu kama elfu nane, ulichomwa moto baada ya majeshi ya Serbia kuondoka. Baadhi ya waliofukuzwa Umoja wa Mataifa ukawaweka kwenye kambi za muda upande wa kaskazini, jirani kabisa na taka za mgodi ule ule na kiwanda kile kile. Uchunguzi alioagizwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2000 ulikuta risasi nyingi kwenye damu za watu wa eneo lile, na walioathirika zaidi walikuwa hao wa kambini. Moshi ukazimwa, lakini kambi zikabaki. Kouchner akamaliza muda wake Januari 2001 akaondoka, akaja mwingine, na mwingine. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani likasema watoto waondolewe pale. Kambi ya Česmin Lug ilifungwa 2010. Miaka kumi na moja! Mtoto aliyezaliwa humo alishafika darasa la nne. Mwaka 2016 jopo la haki za binadamu la Umoja wa Mataifa wenyewe likaamua kwamba utawala ule ulivunja haki za watu hao. 2017 Umoja wa Mataifa ukaeleza masikitiko yake na kutangaza mfuko wa michango ya hiari. Fidia kwa mtu mmoja mmoja, hapana.

Mtajiuliza ilikuwaje, wakati mkuu wa kwanza wa utawala ule alikuwa daktari na risasi aliijua vizuri mpaka akafunga kiwanda. Sina hakika ni kosa lake peke yake, maana waliomfuata walikaa muda mrefu zaidi. Ila nimeisoma mara nyingi, na kila nikisoma namuona mtu aliye kwenye ofisi ya juu na ramani kubwa ukutani, na kambi ni alama ndogo kwenye ramani hiyo. Wadini mtoto hawezi kuwa alama. Analia, anakushika kidole.

Kosovo ilijitangazia uhuru Februari 17, 2008, na kesho yake Ufaransa ikaitambua, waziri wake wa mambo ya nje wakati huo akiwa ni nani? Kouchner. Thaçi alifika urais, akajiuzulu 2020 kwenda kujibu mashtaka ya uhalifu wa kivita The Hague, mashtaka anayoyakana. Na daraja la Mitrovica hadi leo watu wanaligombania.

Juzi Jumapili nikampigia mama. Nilipanga nimwambie taratibu, nikajikuta nimemwaga vyote: mtoto, daraja, fomu, Mfaransa, kambi. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu akauliza, "Hao watoto wa kambini, nani alikuwa anawapima hiyo damu?"

Nikamwambia, wauguzi na madaktari, mama.

"Na waliandika?"

Waliandika.

"Sasa aliyepelekewa hayo maandishi alikuwa nani?" Nikakosa jibu. Akasema mwenyewe, kwa sauti ile ya zahanati, "Mimi nimeandika ripoti za lile daraja letu la huku tangu hujaanza shule. Zinapanda juu. Sijawahi kumjua anayezisoma." Kisha akaniuliza kama nakula vizuri, akaniombea, akakata.

Hakusema niende wala nisiende. Leo ni Jumatano. Roommate wangu anasema hiyo ni ruhusa, mimi naona ni mtihani mgumu kuliko ule wa famakolojia. Fomu nimeitoa chini ya godoro, nimejaza jina na namba ya usajili, nimefika pale wanapouliza "Kwa nini unaomba nafasi hii?" nikaishia hapo. Wenye mawazo mniandikie hapo chini, hasa nyie mliowahi kuahirisha mwaka, na tafadhali semeni ukweli kuhusu bumu lilivyokuwa mliporudi. Mimi nakimbia, kuna mtoto kitanda cha saba nimemwahidi kwamba mimi ndiye nitakayemtoa dripu.