Asilimia 97

Rula aliyopimia fundi msingi wa nyumba ya baba mdogo ilikuwa ya plastiki, ya sentimita 30, kama zile wanazonunua watoto wa shule kila Januari. Naikumbuka kwa sababu niliishika mwenyewe, Jumamosi moja asubuhi kule Chanika, nikiwa nimesimama kando ya mtaro wa msingi. Kozi mbili za tofali zilikuwa zimeshalala. Nyumba niliyoichora kwa urefu wa mita 12 ilikuwa imetoka mita 11 na sentimita 65.

Baba mdogo alikuwa amestaafu mwaka huo. Nyumba ile ndiyo ilikuwa kiinua mgongo chake chote, na mimi ndiye niliyekuwa msomi wa ukoo niliyejua kuchora ramani. Hakunilipa, na sikutaka anilipe. Nilitaka tu aseme kwa watu, ramani hii kaichora mwanangu.

Siku ile alikuwa anamfokea fundi. Fundi, mzee wa makamo mwenye kofia ya bandiko, alisubiri amalize, kisha akanigeukia mimi.

"Mwanangu, mimi nimepima karatasi yako."

"Lakini fundi, karatasi haipimwi. Tunasoma namba."

"Namba zipi?"

Akanipa karatasi. Namba zilikuwepo, ila zilikuwa zimefifia kama mistari ya kalamu ya risasi iliyofutwa. Nikajiambia ni jua, ni jasho la mikono yake, ni vumbi la saruji. Pembeni kabisa palikuwa na onyo la kukataza mtu kupima kwenye mchoro, nililolinakili kutoka kwenye michoro ya ofisini. Lilikuwa la Kiingereza, kwa herufi zisizofika milimita mbili. Baba mdogo akaendelea kufoka, na mimi nikanyamaza. Kimya kile ndicho ninachokionea haya hadi leo kuliko sentimita zenyewe.

Usiku, nyumbani, nilichukua nakala yangu ya ramani ileile na rula yangu. Kwa skeli ya 1:100, mita 12 zinatakiwa kuwa milimita 120 kwenye karatasi. Nikapata 116 na nusu. Nikapima upande mwingine: mita 9 zilikuwa milimita 87 na kidogo. Kila kitu kilikuwa kimepungua kwa kiasi kilekile, karibu asilimia 3. Fundi alikuwa amepima sawasawa.

Nikaanza kurudi nyuma. Ofisini nilikokuwa najifunza kazi tulikuwa na plota ya inchi 24, yaani roli yenye upana wa milimita 610. Kwake karatasi ya A1 inaingia bila shida, na A3 ni kipande tu anachokikata pembeni. Lakini ramani ya baba mdogo ilikuwa kazi yangu binafsi, na niliona aibu kutumia wino wa ofisi. Nikatia faili kwenye flashi, nikaenda steshenari.

Kompyuta ya pale ilikuwa na AutoCAD, ila haikuwa na draiva ya plota ya ofisini, na kwa nini iwe nayo? Programu ikanitangazia kwamba printa iliyozoeleka haionekani, na mahali pake imeweka "hakuna". Kijana wa dukani akachagua printa yake ya leza. Fremu ya mchoro wangu ilikuwa imesogea mno ukingoni, na printa ile haiwezi kuweka wino hadi mwisho wa karatasi. Huacha milimita chache kila upande, na draiva ndiyo inayojua ni ngapi. Fremu ikakatika. Kijana akasema, "Tuifanye itoshee tu." Akaweka alama kwenye kisanduku kimoja. Ikatosha. Nikalipa, nikashukuru.

Kuhusu namba kufifia, kisa chake ni kirefu kidogo, na mimi hukipenda ingawa kiliniumiza. Plota za zamani zilikuwa na kalamu za kweli. HP ilikuwa na lugha yake, HP-GL, ambayo ndani yake kompyuta huiambia mashine mambo ya kawaida kabisa: SP, chukua kalamu fulani, PD, ishushe, nenda pale, PU, inyanyue. Kwenye programu, rangi ya mstari ilikuwa njia ya kutaja kalamu. Nyekundu haikuwa na maana ya wekundu, ilikuwa na maana ya kalamu ya kwanza, ambayo huenda ilikuwa nyeusi na nyembamba. Kalamu zimekufa, mazoea yamebaki. Mpaka leo tunachora vipimo kwa njano kwenye kioo cheusi, tukitegemea faili dogo la pembeni liiambie printa kwamba njano hii maana yake ni nyeusi, unene kiasi hiki. Kwenye kompyuta ya steshenari faili hilo halikuchaguliwa. Printa ya nyeusi na nyeupe ikaiona njano kama njano, ikaigeuza kuwa kijivu hafifu. Kuta zikaonekana vizuri kabisa. Vipimo vikayeyuka. Fundi akabaki na picha nzuri ya nyumba isiyo na namba, na rula mfukoni.

Jumatatu nilikwenda kwa baba mdogo kabla hajaenda saiti. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweka karatasi mbili mezani pamoja na rula.

"Fundi hana kosa, baba. Ni mimi."

Alipima mwenyewe, mara mbili, miwani puani. Nilitegemea anifokee kama alivyomfokea fundi. Aliniuliza swali moja tu: "Jumamosi ulikuwa unajua?"

Nikamwambia nilijua usiku wake. Ilikuwa kweli, na haikutosha.

"Basi twende ukamwambie na yeye."

Tulikwenda. Fundi alinisikiliza, akasema "haya," akaendelea kukoroga zege. Msingi haukubomolewa, hela ya kubomoa haikuwepo. Chumba cha kulala cha mita 3.6 kikawa mita tatu na nusu, korido ikakonda kidogo, na mtu asiyejua hawezi kuona chochote.

Sasa nina ofisi yangu ndogo, na watu huniuliza wanunue printa gani kwa kazi ya ramani. Wauzaji huwatajia kurasa kwa dakika. Mimi huuliza kwanza kama draiva yake ipo kwa kompyuta utakayotumia, kama inakubali ukubwa wa karatasi unaoutaka wewe, na inaacha ukingo kiasi gani. Huuliza pia wino. Ramani haiishi mezani, inaishi saiti, na masika wino wa rangi za maji hukimbia karatasini kama chai iliyomwagika, wakati tona ya leza na wino wa pigimenti huvumilia. Plota ya inchi 36 inapokea A0, ambayo upana wake ni milimita 841, lakini kama kazi zako ni nyumba za watu wa kawaida, ya inchi 24 inakutosha na utalala na hela.

Ila siku hizi sehemu kubwa ya uamuzi naimaliza kabla ya kufika kwenye printa. Nachapa kwanza kuwa PDF, kwa draiva iliyomo ndani ya programu yenyewe, unene wa mistari na weusi wake vikiwa vimeshafungwa humo. Kila karatasi naiwekea mstari wa kipimo wenye milimita 100. Karatasi ikisinyaa, mstari nao unasinyaa, na mwenye rula atajua. Onyo nimeliandika kwa Kiswahili, kubwa, juu ya jina langu. Kwenye steshenari husimama nyuma ya kijana nikahakikisha amechagua ukubwa halisi, halafu natoa rula yangu pale pale kaunta. Wengine foleni hukasirika.

Nyumba ya Chanika imeisha. Kabla hata msingi haujachimbwa, baba mdogo alikuwa ameshaagiza Keko kabati la mninga la ukuta mzima wa chumba chake, mita 3 na sentimita 55, kwa kipimo nilichomsomea mimi kwenye kompyuta. Aliogopa hela ikikaa itapata wenyewe. Kabati liko sebuleni, limejaa mashuka na kanzu zake. Wageni wakiuliza mbona kabati la nguo liko sebuleni, hunyoosha kidole kwangu, anawaambia, "Muulizeni huyo."