Kutoka Kunduchi hadi Arusha na chupa ya siki mkobani

Kunduchi Mtongani, jijini Dar es Salaam, jiwe ni riziki. Kina mama wanakaa kwenye vivuli vya maturubai wakigonga mawe kwa nyundo kutwa nzima, kila mmoja na rundo lake, na ndoo ya kupimia iko pembeni. Kokoto zao ni nyeupe kwa sababu asili yake ni matumbawe ya zamani, enzi bahari ilipofunika sehemu hii. Jiwe la aina hiyo ndilo lililojenga misikiti na makaburi ya Kaole kule Bagamoyo, na jirani tu hapo, Wazo, chokaa inachimbwa na kusagwa kuwa saruji. Kwa nyumba ni jiwe zuri. Kwa samaki na mchicha ni habari nyingine.

Nilifika pale kwa ajili ya wifi yangu anayeishi Tegeta. Uani kwake ana tangi la lita 1,000 lenye perege 40. Pampu ndogo inapandisha maji hadi kwenye sanduku lililojaa kokoto, ambamo ameotesha mchicha na figili, kisha maji yanashuka tena kwa samaki. Kilimo hiki kinaitwa akwaponiki. Watoto wake watatu ndio wanaolisha samaki, na mboga ilikuwa imeanza kupunguza safari za gengeni. Mwezi wa pili majani machanga yakawa njano, mishipa tu ikabaki kijani. Wiki chache baadaye perege wakaanza kususa chakula. Alishauriwa abadilishe mbegu, abadilishe chakula cha samaki, hata ahamishe tangi lisipate jua. Hakuna aliyemuuliza kokoto zimetoka wapi.

Mimi nilikuwa na safari ya Arusha, nikatia chupa ya siki mkobani. Kipimo chenyewe hakihitaji maabara: osha jiwe, likauke, lidondoshee siki. Likitoa povu, lina chokaa. Jiwe la Kunduchi lilichemka kama soda iliyofunguliwa ghafla. Mama aliyekuwa ananiuzia akacheka. "Sasa dada yangu, unashangaa nini? Si ndilo tunalolichoma tukapata chokaa?"

Mama yule alikuwa ameeleza tatizo lote. Samaki wanatoa amonia, hasa kupitia matamvua. Bakteria wanaoishi juu ya kokoto wanaigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo ndiyo mbolea ya mboga. Kazi hiyo inatengeneza asidi kidogo kidogo, na jiwe la chokaa linaila asidi hiyo bila kuchoka. Kipimo cha pH, ambacho tungependa kikae kati ya 6 na 7, kinang'ang'ania juu ya 7.5 na kuelekea 8. Hapo mmea unashindwa kuvuta madini ya chuma hata kama yamo, ndiyo maana majani machanga yanatangulia kuwa njano. Kwa samaki hali ni mbaya zaidi. Katika maji ya joto kama ya Dar es Salaam, pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, sehemu ya amonia iliyo sumu inaongezeka karibu mara kumi.

Basi la Arusha linapita Chalinze, na baada ya hapo kidogo tu ni Lugoba. Ukiona vumbi jeupe kwenye majani ya miti na malori yamepanga foleni, umefika kwenye machimbo. Usidanganyike na vumbi hilo: jiwe lenyewe ni la kijivu, gumu, lenye chembe zinazometameta. Nilililoanisha siki kwenye vipande vitatu, na vyote vikabaki kimya. Mafundi wa Dar es Salaam wanazijua kokoto hizi kwa zege, na zinapatikana kwenye maduka mengi ya vifaa vya ujenzi. Kasoro yake ni uzito. Sanduku la mita moja kwa mita moja, lenye kina cha sentimita 30, linabeba takriban kilo 450 za kokoto hizo kabla hujatia maji. Mzazi anayefikiria kuliweka juu ya meza ya mbao, mahali watoto wanapochezea, afikirie tena.

Baada ya Same na Mwanga, mlima Kilimanjaro unaanza kuonekana kama mawingu yamekuwa na huruma. Huku ardhi ni ya volkano. Ukitoka Arusha kwa barabara ya Namanga hadi Oldonyo Sambu, kwenye miteremko ya mlima Meru, unakutana na mawe mekundu na meusi yenye matundu kama mkate. Ni mepesi, na kwa sanduku lilelile uzito unashuka hadi nusu au zaidi kidogo. Siki ilipotea ndani ya vitundu bila povu. Vitundu hivyo ndivyo makazi ya bakteria: mwongozo wa FAO wa mwaka 2014 kuhusu akwaponiki ndogo unakadiria mita za mraba 300 hadi 400 za eneo kwa kila mita moja ya ujazo. Kokoto za chokaa zina kama nusu ya hapo.

Kondakta wa basi la kurudi aliniuliza mara mbili kama kweli nalipia mzigo wa mawe.

Kwa maoni yangu, familia ya Arusha au Moshi isihangaike, jiwe lake liko mlangoni. Wachunge maji tu, maana ya maeneo ya Meru yana floridi nyingi, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Familia ya Dar es Salaam ichukue kokoto za Lugoba, za ukubwa wa milimita 8 hadi 20. Jiwe la volkano lisafirishwe kama sanduku litakaa juu ya paa au kwenye roshani, kwa sababu nauli yake itazidi bei ya jiwe lenyewe. Mchanga usitumike, unashikamana na kuziba hewa. Vifuu vya nazi vinaoza. Vipande vya matofali vinafaa kama ni ya kuchoma na hayana saruji iliyoganda.

Wala kokoto za Kunduchi zisitupwe. Miezi ikipita na pH ikashuka chini ya 6, mfuko mdogo wa jiwe hilo ukining'inizwa ndani ya tangi utaipandisha taratibu, na utautoa ukishafika unapotaka.

Kokoto zozote utakazochagua, zioshe hadi maji yatoke meupe, kazi ambayo watoto wataipenda kwa dakika kumi za kwanza. Kisha endesha pampu wiki nne hadi sita, ukiwa na samaki wachache tu, bakteria wajenge makazi. Wifi yangu amewahamishia perege wake kwenye mapipa mawili kwa jirani, na sasa anahesabu wiki.