Mstari wa Kilohezi 28

Alhamisi, 12 Septemba 2024. Ngamiani, Tanga

Umeme umekatika saa 1 usiku. Majirani wamelalamika, mimi nimepanda darini na kompyuta. Mtaa ukizimika ndipo masafa ya chini yanapofunguka. Siku za kawaida, chini ya kilohezi 50, nasikia mtaa wangu tu: chaja za simu, taa za LED, majokofu, na ule mvumo wa gridi unaojirudia kila hezi 50 mpaka unachoka. Leo kompyuta iko kwenye betri yake, kitanzi cha waya, ndiyo antena yangu, kimesimama kwenye fremu ya mbao, na programu ya Spectrum Lab inachora mistari michache juu ya weusi mtupu.

Mnene kuliko yote ni wa kilohezi 19.8. Huo ni NWC, kituo cha jeshi la majini karibu na Exmouth, magharibi ya Australia: megawati moja ya nguvu, mnara wa katikati wenye mita 387, kazi yake kuzifikishia nyambizi maagizo zikiwa zimezama. Wimbi lake moja tu lina urefu wa kilomita 15 hivi, ndiyo maana linapenya maji ya bahari mita kadhaa wakati mawimbi mafupi yanakufa pale pale juu. Linasema nini, sijui na sitajua. Ni biti 200 kwa sekunde za siri tupu. Lakini mtambo hutambulika bila kufahamu maneno yake. Nikigeuza kitanzi mpaka mstari ufifie, uso wake unatazama mashariki, ukiinama kidogo kusini, na ramani inaafiki. Zaidi ya kilomita 8,000 za maji.

Chini yake, kwenye 18.2, ni VTX ya jeshi la majini la India, kule Vijayanarayanam, Tamil Nadu. Huu ni wa karibu kuliko NWC, kilomita 4,500 hivi, na ndio ninaoupenda kwa sababu utulivu wake wa mchana ni wa kuaminika.

Halafu saa 1:29 usiku umejitokeza mwingine, kwenye 28 na ushei. Mwembamba. Umeanza juu, ukashuka polepole kama uzi uliolegea, ukatetemeka kwa dakika chache, ukakatika. Haumo kwenye orodha yoyote niliyonayo. Na umeme wa mtaa ulikuwa bado haujarudi.

Jumatano, 18 Septemba

Huo wa 28 si wa mara moja. Nimekuwa nikirekodi alfajiri na jioni, kwa sababu mchana kompyuta naenda nayo dukani. Upo kila siku: kabla ya saa 11 alfajiri, halafu machweo, halafu saa moja na kitu baadaye.

Jambo la machweo lingenitosha kuanza kuota. Jua likizama, tabaka la chini la ionosfia linayeyuka, na dari inayorudisha mawimbi haya inapanda kutoka kilomita 70 hivi hadi karibu 90. Vituo vya mbali hubadilika saa hiyo, vingine hupanda, vingine huzama kabisa kwa dakika kadhaa. Mtu mwenye hamu angeandika papo hapo: mtambo wa mbali, njia yake inafunguka usiku. Lakini jua halizami mara mbili jioni moja. Na alfajiri mstari unakuja saa nzima na zaidi kabla jua halijachomoza.

Kuna jingine ninaloliamini kuliko saa. Mstari unatembea. Ndani ya dakika tano unateremka mamia ya hezi. NWC hausogei hata unywele. Nyambizi iliyo baharini inategemea utulivu huo. Hakuna jeshi linalogharamia mnara wa mita mia tatu halafu liufunge kwenye mtambo unaopepesuka. Huu ni mzunguko wa bei nafuu unaopata joto. Uko karibu, na unatumia betri.

Jumanne, 24 Septemba

Nimeazima kompyuta ya zamani ya shemeji, nikaiacha irekodi mchana kutwa. Adhuhuri: upo. Alasiri: upo. Mara tano, basi. Mtoto wa madrasa angeshanipa jibu.

Nimezilinganisha rekodi zote tangu mwanzo. Za alfajiri zimetangulia kwa dakika kadhaa, za machweo kwa chache zaidi. Kifaa cha saa ya ukutani kisingefanya hivyo; kingewaka dakika ile ile kila siku. Anayewasha anafuata jua, au ratiba iliyopigwa chapa na watu wanaofuata jua.

Ila Ngamiani ina misikiti mingi, na nyakati zao zinapishana kwa dakika moja au mbili tu. Kitanzi kinanipa mstari ulionyooka unaopita pande mbili: upande mmoja sokoni, upande wa pili kuelekea reli. Hakina uwezo wa kusema ni upande gani kati ya hizo mbili, na kwa chanzo cha karibu hivi hata huo mstari siuamini sana, maana mawimbi hupanda kwenye nyaya za nguzo na kusafiri nazo mpaka yanakoipotosha antena.

Nimeangalia ile mitetemo kwa kukuza picha. Inakuja kwa mafungu: mtetemo mrefu, kimya, mtetemo mrefu, kimya. Mwisho kuna fungu fupi. Nikaweka sauti ya adhana niliyorekodi kwa simu kando yake. Mafungu yanalingana.

Ijumaa, 27 Septemba

Leo ndiyo siku niliyokuwa nikiingoja. Msikiti mdogo ukimaliza adhana unazima kipaza sauti. Wa Ijumaa haunyamazi mpaka khutba iishe. Mstari wa 28 umewaka kabla ya adhana ya mchana na haukuzima. Umeendelea, ukitetemeka mfululizo wakati wa khutba, ukabaki umenyooka katikati kwa dakika moja hivi (khatibu amekaa kati ya khutba mbili, bila shaka), ukaanza tena. Upande wa sokoni una msikiti wa Ijumaa. Upande wa reli hauna.

Baada ya watu kutawanyika nimekwenda. Mwadhini alikuwa anakunja waya.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umechelewa swala au umewahi inayofuata?”

Nikamweleza nilivyoweza. Hakushangaa sana. Akanionyesha kabati: betri mbili za gari, inveta ya Kichina isiyo na jina, amplifaya.

“Umeme ulikuwa unatukatikia katikati ya adhana,” akasema. “Sasa nawasha hii kwanza, nainywesha moto kidogo, ndipo naadhini.” Halafu akanitazama. “Kwani adhana inakuharibia redio?”

“Adhana haina neno, mzee. Hiyo inveta ndiyo ninayoiona nyumbani.”

“Basi na hao Waaustralia wako nao wanaitwa kwenye swala.”

Nimeahidi kuleta pete za feraiti za kuvika nyaya za betri, zizime mnong’ono. Hakuna haraka. Sasa ninajua ni nani.

Jumatatu, 30 Septemba

Miaka 27 leo tangu mfumo wa Omega uzimwe, 30 Septemba 1997. Kwenye kilohezi 10.2 sasa hamna kitu ila radi. Vituo vilikuwa vinane duniani kote, kimoja Liberia na kimoja Réunion, huku kwetu Bahari ya Hindi. Meli na ndege zilijipima kwavyo kabla ya satelaiti. Kinachonivutia ni namna vilivyotambulika: kila mzunguko wa sekunde 10 uligawanywa vipande vinane, na mpangilio wa nani anapiga lini ndio uliokuwa kitambulisho. Nani anasema nini hakukuhitajika. Mnara wa Liberia, mita 417, uliangushwa 2011.

Jioni nimekumbuka ile meli ya anga ya Wajerumani, L59. Novemba 1917 iliondoka Jamboli, Bulgaria, na shehena ya kumwokoa kamanda wao Lettow-Vorbeck huku Afrika Mashariki. Ilikuwa imeshafika juu ya Sudan, magharibi ya Khartoum, ilipopokea amri ya redio irudi. Ikageuka. Tangu hapo pana simulizi kwamba Waingereza ndio waliotuma amri ile, wakijifanya Berlin. Siiamini, hakuna sababu ya kuhitaji ujanja wakati Berlin yenyewe ilikuwa imeshakata tamaa. Lakini nauona ugumu wa yule mwendeshaji redio usiku ule jangwani: ujumbe umekuja, masafa ni yenyewe, na yeye hana kitanzi cha kugeuza.

Alhamisi, 3 Oktoba, usiku

Lazima niandike kabla sijalala.

Leo alasiri grafu ya VTX imefanya jambo ambalo sijapata kuliona. Kila mchana kiwango chake kinakwenda tambarare mpaka jua linapoanza kuzama India. Leo, saa 9:10 hivi, kimeanza kupanda. Kimepanda kwa nguvu, kikafika kilele baada ya saa 9:18, halafu kikaanza kuteremka taratibu.

Ugumu ni kwamba saa 9:11 mzee aliwasha inveta yake. Mstari wa 28 uko pale pale kwenye picha, na adhana ya alasiri ni saa 9:15. Mambo mawili, dakika zile zile, kwenye kipokezi kimoja. Mpinzani wangu wa kwanza ningekuwa mimi: kadi ya sauti ya bei rahisi ikizidiwa na mtambo wa jirani inaweza kudanganya masafa mengine yote.

Kwa hiyo nimetoa rekodi za alasiri za siku zilizopita na kuzilaza juu ya ya leo. Mstari wa 28 upo katika zote. VTX haikujali hata siku moja. Tena leo inveta imezimwa kama saa 9:20, na VTX ilikuwa bado juu saa 9:30. Si mzee.

Baadaye nimeona taarifa: mlipuko wa jua wa daraja la X9.0, mkubwa kuliko yote ya mzunguko huu wa jua mpaka leo. Ulianza saa 12:08 za dunia, ukafika kileleni 12:18. Kwetu ni saa 9:18 alasiri. Miale ya eksirei imefika hapa kwa dakika nane, ikaipiga ionosfia upande wenye mchana, na lile tabaka la chini likakaza ghafla. Kilele changu kimechelewa dakika mbili tatu nyuma ya kilele cha miale, na ndivyo inavyotakiwa. Hewa ya juu huchukua muda kuitikia.

Nimetazama na NWC. Karibu haikuguswa, na hilo ndilo lililonifurahisha zaidi. Saa ile Australia ilikuwa imeshaingia usiku, karibu nusu ya njia iko gizani, na eksirei haiupigi upande wa giza. India jua lilikuwa limebakiza robo saa hivi kuzama. Njia ya VTX ilikuwa na mwanga mwanzo mpaka mwisho, kwa bahati tu.

Ndiyo maana mkia wa grafu siwezi kuudai wote. Kuanzia saa 9:35 machweo ya India yanaingia kati. Nimeilaza grafu ya jana juu ya ya leo, tofauti inaonekana mpaka karibu saa 10. Baada ya hapo zinashikana na sitaandika zaidi ya ninachoona.

Jumamosi, 5 Oktoba

Rafiki yangu wa Mombasa, naye ana kitanzi, amenitumia grafu yake ya Alhamisi. VTX imepanda dakika zile zile. Kwenye 28 hana kitu. Hiyo inatosha: la jua limefika kwetu sote wawili, la inveta limeishia Ngamiani.

Sasa yeye ana la kwake, kwenye 25 na ushei, linalokuja usiku wa manane tu na kukaa mpaka asubuhi. Anashuku ni Warusi. Nimemwandikia aanze kwa kuzima swichi kuu ya nyumba yake, kompyuta ibaki kwenye betri, atazame kama mstari utaondoka. Kama haukuondoka, ageuze kitanzi na kuandika pembe. Halafu aniambie unatembea au umesimama, maana hilo hakuligusia.

Pete za feraiti zimeagizwa kutoka Dar. Nitampelekea mzee zikifika.