Pikapu ya kuvuta boti: Sisi tulianza na breki

Wazazi wengi tukizungumzia kununua gari, mazungumzo huishia kwenye ulaji wa mafuta na bei ya vipuri. Gari la kuvuta boti lina hesabu nyingine. Linabeba watoto, linavuta riziki ya nyumba, na likishindwa kusimama barabarani hasara haimpati dereva peke yake.

Mimi na baba watoto tulitumia miezi minne kuchagua pikapu ya dizeli. Tulibishana, tukanuniana siku mbili, tukarudi kwenye daftari. Naandika ili mzazi mwenzangu wa Bagamoyo, Mwanza au Kigoma mwenye mpango kama wetu asianze moja.

Sisi tunaishi Tanga. Baba Mwanaidi ana boti ya faiba ya mita 7 inayopeleka wageni kisiwa cha Maziwe, kile kisiwa cha mchanga mbele ya Pangani ambacho maji yakijaa karibu chote humezwa. Kusi ikivuma kwa nguvu wageni hupungua, na boti hurudi Tanga kwa matengenezo. Toka Pangani hadi Tanga ni kama kilomita 50. Njia ya bahari ipo, lakini kuhangaika kwenye mawimbi ya kusi kwa boti tupu kunakula petroli na kunachosha mashine. Kwa hiyo hupita barabarani. Miaka yote tulikodi kenta, na vijana kumi na wawili wakaiinua boti kwa mabega.

Je, gari litajilipa?

Mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya kwenda kuangalia gari lolote, nilimwomba mume wangu tuandike safari zote za mwaka uliopita. Zilikuwa 10. Kenta na vijana, kila safari Sh260,000. Jumla Sh2,600,000.

Pikapu za aina tuliyoitaka zilikuwa zinaanzia Sh46 milioni. Ukigawa, ingetuchukua zaidi ya miaka 17 kurudisha fedha hiyo kwa kuvuta boti tu, na hapo hujaweka dizeli, bima wala tairi. Baba Mwanaidi aliitazama ile hesabu akasema, "Basi tuache."

Hatukuacha, lakini tuliandika upya. Gari hilo hilo lingebeba barafu na samaki kutoka Deep Sea, lingepokea wageni stendi, lingempeleka mama mkwe wangu kliniki Bombo. Kazi hizo zote tulikuwa tukizilipia, na kwa mwezi zilifika kama Sh350,000, yaani Sh4,200,000 kwa mwaka. Ukiongeza zile za kenta unapata Sh6,800,000. Hapo gari lilianza kuwa na maana. Kama kwako safari za boti ni mbili au tatu kwa mwaka, na shughuli nyingine hakuna, nakushauri uendelee kukodi bila aibu.

Tulipeleka boti mzanini

Ukimuuliza mtu boti yake ina uzito gani, atakuambia, "Kama tani moja hivi." Baba Mwanaidi naye alisema hivyo. Tukaipeleka, ikiwa juu ya tela, kwenye mzani wa mfanyabiashara anayepima malori ya mizigo.

Mambo yalikuwa hivi. Boti tupu kilo 980. Tela la chuma kilo 420. Mashine ya nyuma ya nguvu farasi 40, kilo 75. Petroli lita 100, karibu kilo 75 nyingine. Nanga, kamba, maboya ya kuvaa na kasha la barafu, kilo 90. Jumla kilo 1,640. Ile "tani moja hivi" ilikuwa imeacha nje zaidi ya kilo 600, uzito wa ng'ombe mkubwa.

Kilo hizo ndizo zinazochagua gari. Kila pikapu ina kitabu chake, na humo mtengenezaji ameandika tarakimu mbili: uzito wa tela lenye breki zake, na uzito wa tela lisilo na breki. Pikapu nyingi za miaka ya karibuni, kama Toyota Hilux ya injini ya 2.8, Isuzu D-Max ya 3.0 au Ford Ranger ya 3.2, zinaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500, kutegemea toleo. Watu husoma hapo wakafunga kitabu. Tarakimu ya pili, ya tela lisilo na breki, kwa kawaida ni kilo 750 tu.

Tela letu lilitengenezwa na fundi wa kuchomelea hapa hapa mtaani. Zuri, imara, limepakwa rangi ya bluu. Breki hakuna.

Maana yake, hata tungenunua pikapu ya bei mbaya kuliko zote, boti yetu ilikuwa imezidi mara mbili ya kile ambacho gari lingeweza kuzuia salama. Injini ya kulivuta tela hilo ilikuwapo. Kilichokuwa kinakosekana ni kitu cha kulisimamisha pale bodaboda atakapokatiza mbele yako. Kwa hiyo, kabla ya senti moja ya gari, tulitenga Sh1,800,000 ya ekseli yenye breki, zile zinazojibana zenyewe tela linapolisukuma gari kwa nyuma. Shemeji Bakari alicheka. "Shemeji, unanunua breki ya tela kabla ya gari?" Nikamwambia ndiyo, shemeji, tena hiyo ndiyo bei rahisi kuliko zote kwenye orodha.

Kuna uzito mwingine unaosahaulika, ule unaokandamiza nyuma ya gari pale tela linaponingʼinia. Kwa boti, mafundi huutaka uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya mzigo wote. Kwetu ni kilo 82 hadi 164. Ukiwa mdogo mno, tela huyumba kama mkia wa samaki. Ukiwa mkubwa mno, gari huinua pua na usukani huwa mwepesi. Hurekebishwa kwa kusogeza boti mbele au nyuma juu ya tela. Na kilo hizo huhesabiwa kama mzigo wa gari, pamoja na sisi watano tulio ndani.

Magari matatu, nyumba moja

La kwanza tulilolitazama lilikuwa Land Cruiser ya singo kebini, yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2. Hiyo haina turbo, pampu yake ya mafuta ni ya kizamani, na inavumilia dizeli chafu kuliko hizi mpya. Fundi wetu alilizunguka akitabasamu. Mimi niliuliza swali moja: watoto watakaa wapi? Mbele wanaenea watu watatu. Tuna Mwanaidi, Athumani na Zuhura mwenye miaka saba. Mtoto wangu hapandi nyuma kwenye bodi huku boti ya tani moja na nusu ikitufuata. Land Cruiser tukaliaga.

La pili alilileta Shemeji Bakari: Hilux mpya mpya, dabo kebini, injini ya 2.8. Gari zuri, sitasema uongo. Bei ilizidi akiba yetu kwa Sh31 milioni, na shemeji alikuwa na jibu lake. "Hati ya nyumba ipo. Benki wanakopesha."

Hapo ndipo tuliponuniana.

Mwanaidi alikuwa ameshapata nafasi chuo cha uuguzi, miaka mitatu. Mkopo ule ungetaka rejesho kila mwezi, na boti haileti wageni kila mwezi. Masika ikiingia tunaweza kukaa wiki nne bila mgeni. Nilimwambia mume wangu, kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, "Baba Mwanaidi, hati haitoki kabatini." Hakunijibu. Siku mbili tulisalimiana kama wapangaji.

Siku ya tatu nilipofungua daftari nikakuta ameandika kwa mkono wake, juu kabisa ya ukurasa, ada ya miaka mitatu. Chini yake breki za tela. Chini yake ndiyo gari, na kiasi kilichobaki. Hatukulizungumza tena. Tangu siku hiyo kila gari lililopita bei hiyo, hata tulipewe kwa maneno matamu, lilipita.

La tatu ni Hilux ya mwaka 2012, dabo kebini, D-4D ya lita 3.0, gia za mkono, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Kitabu chake kinaruhusu kilo 2,500 kwa tela lenye breki. Sisi tuna 1,640, kwa hiyo linavuta bila kukamuliwa hadi mwisho wa nguvu zake. Ndilo tulilolinunua.

Kwa nini dizeli, na kwa nini magurudumu manne

Injini ya dizeli hutoa nguvu yake ya kuvuta ikiwa inazunguka polepole. Petroli hutaka uipigie kelele kwanza. Ukiwa na tela zito mlimani au kwenye mchanga, tofauti hiyo unaisikia kwenye klachi na kwenye pochi. Lakini dizeli za kisasa zina nozeli zinazofanya kazi kwa mgandamizo mkubwa sana, na maji kidogo au taka kidogo huziua. Kwetu dizeli ya madumu imepigwa marufuku, chujio hubadilishwa kwa wakati, na baada ya kuvuta safari ndefu injini huachwa iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, turbo ipoe.

Ya magurudumu manne nina sababu yangu. Kaskazi iliyopita jirani yetu alirudi kinyumenyume majini na pikapu ndogo inayovuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Maji yalikuwa yanapwa, na sehemu yaliyotoka huwa na ukungu wa kijani unaoteleza. Breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo yaliyokuwa juu ya utelezi. Gari likaanza kwenda. Mwanawe wa miaka tisa alikuwa ndani. Vijana walimtoa dirishani, maji yakiwa yamefika kwenye kiti. Mtoto ni mzima. Gari halikupona.

Tangu hapo nyumbani kwetu kuna sheria: gari likirudi majini, ndani anakuwa dereva peke yake, kajifungua mkanda, dirisha liko chini. Watoto wanasimama juu kwenye mchanga mkavu pamoja nami. Athumani ana kazi yake ya kuweka kabari za mbao kwenye matairi gari likishasimama, kisha anarudi. Zuhura kazi yake ni kuhesabu watu.

Chumvi haina huruma

Ukinunua gari lililotumika, lala chini uliangalie kwa chini. Magari mengine hutoka nchi za baridi ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chesisi huliwa taratibu. Fundi wetu alipita na nyundo ndogo akigonga kila futi. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya boksi. Gari moja tuliloliona lilikuwa likingʼaa juu kama kioo, chini kidole kikapenya.

Lako mwenyewe nalo lilinde. Ukifika ufukweni baada ya safari, acha beringi za tela zipoe kabla ya kuingiza majini. Beringi ya moto ikikutana na maji baridi hunyonya maji ndani, na wiki chache baadaye gurudumu hukwama njiani. Ukirudi nyumbani, osha gari, tela na breki zake kwa maji ya bomba siku hiyo hiyo. Usiseme kesho.

Na usilipe kabla ya kulijaribu gari likiwa na mzigo. Muuzaji wetu alitaka tuzunguke mtaa mmoja. Tulimwomba alete gari kwenye boti. Tukalifunga tela, tukaenda kilomita 12 na kurudi, tukasimama ghafla mara tatu mahali pasipo na watu. Fundi alikaa nyuma akisikiliza klachi. Muuzaji akigoma hilo, mwachie gari lake.

Mwisho, ulizia bima na usajili wa tela lenyewe. Tela lina namba yake, na bima ya gari isikudanganye kuwa imelifunika bila kuuliza. Sisi tuliuliza, tukaongezewa karatasi moja na shilingi kidogo.

Mwanaidi ameripoti chuoni, na ada ya mwaka wa kwanza imelipwa yote. Gari limeshavuta boti mara nne. Kwenye kila safari naandika kilomita, lita na shilingi, na mwezi wa kumi na mbili tutakaa tena mimi na baba yake tuone kama hesabu yetu ya Sh6,800,000 ilikuwa ya kweli. Kama wewe ndiyo kwanza unaanza, mpigie simu mwenye mzani kabla ya kumpigia muuzaji wa magari.