Jukwaani na Sokoni



Wiki hii tumependa kutafakari pamoja nanyi juu ya jambo ambalo limeingia katika familia zetu polepole, nalo ni mashindano ya mipango ya biashara yanayofanyika katika vyuo vikuu. Zamani kijana alipokaribia kuhitimu aliulizwa ataajiriwa wapi. Siku hizi baadhi yao hutujibu kwamba hawatafuti ajira, bali wanaanzisha kampuni, na kwamba kampuni hiyo imekwisha kufika fainali ya mashindano fulani. Wazazi husikiliza, wengine kwa fahari na wengine kwa hofu, kisha hutujia na swali moja: je, tumuunge mkono mtoto, au tumrudishe kwenye vitabu vyake?

Tusije tukajibu kabla ya kuelewa. Mashindano haya hayakuanza jana. Mwaka 1984 wanafunzi wa uzamili wa biashara katika Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, Marekani, waliwatazama wenzao wa sheria. Hao wa sheria walikuwa na desturi ya mahakama ya kuigiza, ambamo mwanafunzi hujifunza kutetea kesi kabla hajakutana na mteja wa kweli. Wale wa biashara wakatunga shindano la namna hiyo hiyo: timu inatetea kampuni yake mbele ya majaji kana kwamba inaomba mtaji. Mwaka 1990 wanafunzi wa MIT, huko Massachusetts, nao walianzisha shindano lao lenye zawadi ya dola 10,000. Zawadi hiyo ilipanda hadi dola 50,000 katika miaka ya tisini, na mwaka 2006 ikafika dola 100,000. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, kikafuata. Baadaye likatokea shindano la Hult Prize, linaloshirikisha wanafunzi wa nchi nyingi, ambalo kwa miaka mingi liliiahidi timu bingwa dola milioni moja. Kutoka huko desturi hii imeenea hadi vyuo vyetu vya Afrika Mashariki.

Utaratibu wake haupishani sana. Wanafunzi watatu, wanne au watano huunda timu. Huandika muhtasari wa wazo lao: shida wanayotaka kuitatua, mteja ni nani, atalipa kiasi gani, washindani ni akina nani, gharama zitakuwaje, na ni lini mapato yatazidi matumizi. Mchujo ukipita, timu zilizobaki hupewa walezi wenye uzoefu. Mwishoni husimama jukwaani kwa dakika chache tu, wakafuatiwa na maswali ya majaji, ambao kwa kawaida ni wafanyabiashara na wawekezaji.

Katika hayo yote hatuoni ubaya wowote. Kinyume chake, tunaona malezi. Mtakumbuka ule mfano wa mnara katika Injili ya Luka, sura ya 14, ambamo busara ya mjenzi inapimwa kwa jambo moja: kwamba aliketi kwanza akapiga hesabu ya gharama kabla ya kuchimba msingi. Kijana aliyelazimishwa kuandika gharama zake mstari kwa mstari, kisha akaulizwa na mgeni asiyemwonea haya, amepata somo ambalo wengi wetu hatukulipata darasani. Ni maduka mangapi mitaani kwetu yamefunguliwa kwa shangwe na kufungwa kimyakimya kabla ya mwaka kuisha, kwa sababu hakuna aliyehesabu kodi ya pango!

Hata hivyo, jukwaa si soko. Hapo ndipo tunapotaka kukazia macho yetu leo. Jaji akikupa alama za juu hajanunua kitu. Amesema tu kwamba maelezo yako yamemridhisha. Ili jambo hili lisibaki maneno matupu, tutazame timu mbili, moja iliyoshindwa na moja iliyoshinda.

Mwaka 1998 katika shindano la MIT aliingia mwanafunzi mmoja wa hisabati za kompyuta, Daniel Lewin, pamoja na mwalimu wake Tom Leighton na wenzao. Shida waliyoishughulikia ilikuwa halisi: intaneti ilikuwa inaelemewa. Watu wengi walipofungua ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, kompyuta iliyouhifadhi ilizidiwa. Wao wakapendekeza nakala za kurasa zitawanywe katika seva nyingi zilizo karibu na wasomaji, na hesabu maalumu iamue kila ombi lipelekwe kwenye seva ipi. Walifika fainali. Hawakushinda. Mwaka huo huo wakaanzisha kampuni yao, wakaiita Akamai, na mwaka 1999 ikaanza kuuza hisa kwa umma. Hadi leo kampuni hiyo inasafirisha sehemu kubwa ya mambo tunayoyasoma na kuyatazama mtandaoni. Lewin mwenyewe hakuishi kuyaona mengi. Alikuwa ndani ya mojawapo ya ndege zilizotekwa Marekani tarehe 11 Septemba 2001, akafa akiwa na umri wa miaka 31.

Majaji wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na dakika zao chache na karatasi zao, nao waliamua kwa kadiri walivyoona. Lakini kitu kilichoibeba kampuni ile hakikuwa karatasi. Kilikuwa ni shida iliyokuwa inawauma watu wengi, na ufumbuzi uliofanya kazi siku ulipojaribiwa.

Sasa tuwatazame walioshinda. Mwaka 2016 swali la Hult Prize lilihusu maisha katika miji iliyojaa watu. Timu bingwa ilitoka Earlham, chuo kidogo katika jimbo la Indiana. Walikuwa wanafunzi wanne: Wyclife Omondi, Sonia Kabra, Leslie Ossete na Iman Cooper. Wazo lao, Magic Bus Ticketing, lililenga Nairobi. Abiria wa matatu, hata mwenye simu ya kawaida isiyo na intaneti, angeweza kutuma ujumbe, akalipia nafasi yake mapema na kuepuka kusimama kituoni kwa muda mrefu. Walipewa dola milioni moja. Hakika hiyo ni habari ya kumfanya mzazi yeyote atoe machozi ya furaha.

Lakini ninyi mnaopanda daladala na matatu kila siku mnajua kitu ambacho majaji wa New York hawakuweza kukionja. Gari lile lina tajiri wake, ambaye jioni anataka hesabu yake iliyokubaliwa. Kinachobaki juu ya hesabu, baada ya mafuta, ndicho chakula cha dereva na konda. Kwa hiyo fedha taslimu mkononi mwa konda si nauli tu, ni mshahara wake. Ukileta mfumo unaoandika kila shilingi, abiria atafurahi, na tajiri huenda akafurahi zaidi, lakini umegusa mfuko wa yule anayefungua mlango wa gari. Hata wakubwa walikuwa wamejikwaa hapo. Google na Benki ya Equity walileta kadi ya nauli iitwayo BebaPay jijini Nairobi mwaka 2013. Kufikia mwaka 2015 ilikuwa imefungwa.

Je, vijana wale wa Earlham walifanyaje? Hawakung'ang'ania karatasi iliyowapa ushindi. Omondi na Kabra waliendelea na kazi hiyo nchini Kenya chini ya jina la BuuPass, wakageukia tiketi za mabasi ya safari ndefu, ambako abiria hukata tiketi kabla ya safari na mwenye basi anahitaji kujua viti vingapi vimeuzwa. Mwaka 2023 kampuni hiyo ikainunua QuickBus, kampuni nyingine ya tiketi. Tazameni vizuri, wapendwa: biashara iliyoishi si ile ile iliyopigiwa makofi. Zawadi iliwapa muda wa kujifunza, na unyenyekevu wa kubadilika ndio uliowafikisha walipofika.

Tunayasema haya kwa sababu jambo lenyewe limetugusa. Miezi kadhaa iliyopita walitujia vijana watatu wa chuo, wana wa parokia yetu. Walikuwa wameshika nafasi ya pili katika mashindano ya chuo chao, kwa mpango wa kukusanya maziwa kwa wafugaji wadogo na kuyauza mjini kwa kutumia programu ya simu. Bei waliyoahidi kumlipa mfugaji ilikuwa nzuri kuliko ya mnunuzi aliyepo. Sasa walitaka kuahirisha masomo kwa mwaka mzima. Mama wa mmoja wao alikuwa ameshatafuta mteja wa kiwanja chake ili kijana apate mtaji. Mama huyo alituuliza waziwazi, "Padre, nikiuza kiwanja hiki na maziwa yasipouzika, nitamlaza wapi huyu mdogo wake?"

Hatukuwa na jibu la biashara la kumpa. Tuliwauliza vijana swali moja tu: mmezungumza na wafugaji wangapi? Wakatazamana. Mpango wao ulikuwa na takwimu za wilaya nzima, bali wafugaji waliozungumza nao walikuwa wawili, na wote wawili ni ndugu zao. Tukawaomba, kabla ya kuahirisha masomo na kabla ya kiwanja kuuzwa, watumie wiki mbili za likizo kusimama kila alfajiri mahali maziwa yanapopimwa, katika mojawapo ya vigango vyetu.

Walikwenda. Waliporudi walikuwa wameelewa kitu ambacho hakimo katika programu yoyote. Mnunuzi yule wa bei ndogo ndiye anayewakopesha wafugaji pumba wakati wa kiangazi, na ndiye anayetoa ada za shule mwezi Januari, kisha anakata kidogo kidogo kwenye maziwa. Mzee mmoja aliwaambia, "Wanangu, bei yenu ni nzuri, ila ng'ombe wangu akiugua usiku ninyi mtakuwa mko chuoni." Kwa sentensi hiyo moja mzee yule alikuwa jaji mkali kuliko wote waliowahi kuwasikiliza.

Vijana wamerudi darasani. Kiwanja hakijauzwa. Mpango wao haujafa, maana sasa wanafikiria namna ya kuanza na pumba badala ya maziwa. Kama utafanikiwa au la, sisi hatujui, na wao pia hawajui. Lakini sasa kutojua kwao ni kwa mtu aliyefika shambani akaona.

Kwa hiyo, enyi vijana wetu, ingieni katika mashindano haya kwa moyo wote. Andikeni, hesabuni, simameni mbele ya watu mseme. Ila kabla ya kuhesabu zawadi, hesabuni watu mliokutana nao. Ulizeni ni nani leo anaishi kwa shida mnayotaka kuiondoa, maana huyo naye ana watoto. Na mkipewa zawadi, someni masharti yake yote, kwa kuwa zawadi nyingine si fedha ya bure bali ni uwekezaji, na mtoaji hupewa sehemu ya kampuni.

Nanyi wazazi, msiwavunje moyo watoto, wala msiuze paa la familia kwa ajili ya makofi ya usiku mmoja. Mtoto mwenye wazo jema hatalipoteza kwa kulijaribu kwanza kwa kiasi kidogo, mahali pa karibu, kwa wateja kumi wanaolipa kweli. Wazo lisiloweza kustahimili wateja kumi halitaokolewa na kiwanja.

Tusiwasahau pia wale wasioitwa jukwaani, maana ndio walio wengi. Katika shindano la timu mia moja, timu tisini na tisa hurudi nyumbani bila taji. Kijana wa namna hiyo akirudi likizo, asikute kicheko wala kimya. Mwombeni awaonyeshe kitabu chake cha hesabu, ninyi mwulizeni maswali, naye awajibu. Wengine katika jumuiya zetu ndogondogo mna miaka thelathini sokoni, mmeuza mchele, mbao na nguo za mitumba, na hakuna chuo kilichowahi kuwaalika kuwa majaji. Waalikeni ninyi hao vijana. Mkutano wa wiki ijayo wa jumuiya ungeweza kuwapa dakika kumi tu, na mama lishe wetu akawa wa kwanza kuuliza swali.

Tunawatakieni nyote Dominika njema.