Kamanga: Wauaji wa kukodiwa si wa sinema tu

Ukiwa Mwanza mjini, Kamanga ni gati la kivuko. Ukivuka Ghuba ya Mwanza, kama nusu saa hivi, unashuka Kamanga yenyewe, wilayani Sengerema. Hapo kuna bodaboda wanaogombea abiria, mama lishe wenye sato wa moto, na dagaa walioanikwa. Kuna pia kibanda cha video, chenye mabenchi na pazia jeusi mlangoni.

Siku niliyopita hapo walikuwa wakionyesha filamu ya Kihindi ya mwaka 2017, Babumoshai Bandookbaaz. Nawazuddin Siddiqui anacheza Babu, muuaji wa kukodiwa anayetumwa na wanasiasa. Anatokea kijana, Banke, mwenye kazi hiyo hiyo, nao wanaanza kushindana nani ataua zaidi. Kwao India ilipewa daraja la watu wazima. Kamanga, benchi la mbele lilikuwa la watoto wa shule. DJ aliyeitafsiri alitia utani kila risasi ilipolia, na kibanda kizima kikacheka.

Sina ugomvi na filamu yenyewe. Kwa mtu mzima inaonyesha vizuri jinsi roho ya mtu inavyopangiwa bei. Tatizo ni kwamba huku Kanda ya Ziwa kazi hiyo tunaijua bila kwenda sinema. Kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa mapanga wakidaiwa kuwa wachawi, na ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Mara nyingi aliyeshika panga alikuwa amelipwa.

Tofauti iko kwa mlipaji. Katika filamu ni mwanasiasa. Huku kwetu, kwenye kesi za vikongwe, mara nyingi ametoka ndani ya ukoo: mtoto, mpwa au shemeji anayetaka shamba, au aliyefiwa akaenda kupigiwa ramli, akatajiwa jina la bibi yake. Ushahidi ukawa macho mekundu. Wanaojua jiko la bibi wanajua kinachoyafanya mekundu: miaka ya kupuliza moto wa kuni na samadi kavu ndani ya nyumba isiyo na dirisha.

Kwa hiyo mzazi, mwanao akirudi kutoka kibandani akikusimulia Babu na Banke, usimfokee tu. Muulize: nani alilipa, na kwa nini? Kisha mweleze kuhusu bibi yake, shamba la ukoo na ramli chonganishi, kwa maneno ya umri wake. Mwenye kibanda naye akumbushwe kuwa Bodi ya Filamu hupanga madaraja ya umri kwa sababu.

Na wewe mwenyewe, wosia wa shamba uandikwe mapema, ukoo mzima ukijua. Jiko la mama lipate dirisha na bomba la kutolea moshi. Hayo mawili hayangoji serikali.